Tazama: Nidhamu ya Watoto

Maktaba kuu ya mji ule ilikuwa na chumba cha nyuma ambacho wasomaji wengi hawakujua kama kipo. Mlangoni palibandikwa karatasi iliyoandikwa "Wafanyakazi tu". Ndani mlikuwa na meza tatu, rafu za chuma, feni moja iliyozunguka kwa kulalamika, na mwanamke wa miaka hamsini na miwili ambaye kila mtu alimwita Bi Vichwa.

Halikuwa jina la kumtukana. Kazi yake ilikuwa kuvipa vitabu vichwa vya mada, yaani yale maneno machache ambayo msomaji huyaandika kwenye kompyuta ya maktaba pale anapotafuta kitabu asichokijua jina. Mtu akiandika "Ufugaji wa nyuki" anaonyeshwa vitabu vyote vya nyuki, hata kile ambacho mwandishi wake alikipachika jina la kimahaba lisilotaja nyuki popote. Aliyekaa chini akakisoma na kuamua kwamba hiki ni cha nyuki, wala si cha wapenzi, ni Bi Vichwa. Wageni waliposikia mlinzi akisema, "Nenda kwa Bi Vichwa," walidhani wanatumwa kwa mama muuza vichwa vya mbuzi, na mlinzi hakuchoka kuicheka hiyo kila ilipotokea.

Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka ishirini na saba, tangu enzi za kadi na droo za mbao. Upande wake wa kulia palikaa Orodha, faili nene lenye maneno yote yaliyoruhusiwa kutumika. Haikuwa ruhusa kuandika neno lolote linalokujia. Ukiandika "magari" leo na "motokaa" kesho, vitabu vya aina moja vinatawanyika na msomaji anapata nusu tu. Kwa hiyo lilichaguliwa neno moja, na mengine yakaelekezwa kwake: Motokaa, tazama Magari. Na maneno yenyewe yalizeeka. "Wendawazimu" lilifutwa, likaja "Wagonjwa wa akili", nalo likafutwa, likaja "Afya ya akili". Neno la viziwi lilizua ubishi wa vikao vitatu. Kila badiliko liliandikwa kwa mkono kwanza, likawekwa tarehe na herufi za aliyelipendekeza, ndipo likaingizwa kwenye kompyuta.

Wafanyakazi wapya waliopita mikononi mwake aliwafundisha kanuni moja kabla ya nyingine zote. "Kitabu kipe kichwa cha kile kinachosema," aliwaambia. "Usikipe cha kile ambacho wewe ungependa kiseme."

Nyumbani aliishi na baba yake. Mzee alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na mji mzima ulimwita Mwalimu. Miaka mitatu iliyopita alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza na mdomo ukapinda kidogo. Asubuhi Bi Vichwa alimwosha, akamvalisha shati lililopigwa pasi, akamlisha uji, kisha akamwacha na jirani, mjane mwenye maneno mengi na moyo mwepesi. Jioni alirudi akamsomea gazeti. Mwalimu hakupenda kusomewa haraka haraka. Ukikosea neno alikohoa, ukarudia.

"Leo mmepata vitabu gani?" alimuuliza kila jioni, na binti yake akamhadithia. Ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, na wote wawili waliyapenda.

Jumanne moja asubuhi liliingia boksi la vitabu kutoka kwa wachapishaji wadogo wadogo. Aliyelifungua ni Mzee Gundi, mbandika lebo, ambaye hakuwa mzee kihivyo, ila vidole vyake vilikuwa vimekauka gundi miaka na miaka. Yeye alivitenga vitabu kwa kuangalia majina tu.

"Bi Vichwa, hiki nimekuwekea kwenye ujenzi," alisema. "Kinaitwa *Stoo*. Nadhani ni mambo ya maghala."

"Wewe siku moja utaniwekea kitabu cha dini kwenye umeme," Bi Vichwa alimjibu huku akicheka, akakipokea. Akageuza jalada ili aone nani kakiandika.

Jina la mwisho lilikuwa lake. Jina la kwanza lilikuwa la mdogo wake wa kiume.

"Vipi?" Mzee Gundi aliuliza. "Mbona umebadilika rangi?"

"Hamna kitu. Niachie hiki."

Mdogo wake alikuwa ameondoka nyumbani akiwa na miaka kumi na sita, na begi la shule ambalo ndani halikuwa na daftari hata moja. Ilikuwa imetimia miaka thelathini. Alijifunza ufundi wa friji katika mji mwingine, akaoa, akapata watoto ambao shangazi yao hajawahi kuwatia machoni. Walipigiana simu mara moja kwa mwaka, dakika mbili au tatu, kila mmoja akihangaika kutafuta la kusema. Hakuwahi kutaja kwamba anaandika.

Bi Vichwa alikisoma pale pale mezani. Kilianza na mama yao, aliyefariki mtoto akiwa na miaka mitano: mikono yake iliyonukia sabuni ya kufulia, na namna alivyokuwa akiwaita wanawe kwa kuwapigia mluzi. Kisha kikaingia stoo. Stoo ilikuwa chumba kidogo nyuma ya jiko, penye magunia, madawati mabovu ya shule na waya wa pasi uliotundikwa kwenye msumari. Katika ukurasa wa arobaini na moja aliyakuta haya:

"Baba hakuwa akifoka. Aliniita kwa sauti ya chini, kama anayeniita nikale. Dada alijua kazi yake. Alikwenda sebuleni akaongeza sauti ya redio, ili majirani wasisikie. Mpaka leo, mtu akifungulia taarifa ya habari ya saa kumi, mimi hutoka nje."

Akaweka kitabu chini. Hakuwa amesahau. Aliikumbuka redio yenyewe, kitufe chake kilichokuwa na ufa, na sauti ya baba yake ikisema, "Ongeza redio, mama." Alikuwa akimwita mama, kwa mapenzi. Hakuwahi kumwambia ni kwa nini iongezwe. Na yeye hakuwahi kuuliza, kwa sababu alijua.

Hadi saa tisa alikuwa amekimaliza. Kilichobaki ni kazi. Akavuta Orodha, akafungua penye W, kidole kikishuka taratibu mpaka kikafika: *Watoto, Kupigwa: tazama Nidhamu ya watoto.* Pembeni palikuwa na tarehe ya miaka ishirini na mitano iliyopita, na herufi mbili. Herufi zilikuwa zake, na mwandiko ulikuwa wake, umenyooka, haukutetemeka popote. Alijaribu kuikumbuka siku aliyoyaandika maneno hayo, akashindwa. Ilikuwa siku ya kazi kama nyingine.

Akaandika kwenye kompyuta: *1. Wasifu. 2. Nidhamu ya watoto.* Orodha ilimruhusu, na hakuna ambaye angemlaumu. Akakipeleka kitabu kwa Mzee Gundi akibandike.

"Kumbe si maghala?" Mzee Gundi aliuliza.

"Si maghala."

Jioni, Mwalimu alipomuuliza wamepata vitabu gani, alimtajia kimoja cha umwagiliaji na kingine cha hesabu za darasa la tano. Mzee akaitikia kwa kichwa, akaridhika.

Wiki tano zikapita. Siku moja kabla ya chakula cha mchana, mlango wa chumba cha nyuma uligongwa, akaingia mwanamume mfupi mwenye mfuko wa vifaa begani na mafuta kwenye kucha.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba," Bi Vichwa aliitika bila kuinua macho. Alipoyainua akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

Hawakukumbatiana. Aliokota kiti, akamvutia kingine. Mzee Gundi aliwatazama, akasema kwa sauti kubwa kwamba gundi imemwishia, akatoka.

"Nimeitwa kurekebisha chumba cha baridi cha hospitali hapa," mdogo wake alisema. "Nikasema nipite. Nimetoka kukitafuta kitabu changu huko mbele. Sikuandika jina langu. Nilitaka nikitafute kama mtu asiyejua kwamba kipo. Nikaandika 'kupigwa'. Kompyuta ikaniambia nitazame nidhamu ya watoto. Nikaenda. Basi kiko pale, Dada. Kulia kwake kuna kitabu cha jinsi ya kumlea mtoto mtiifu. Kushoto kuna kingine, jaladani baba na mwana wanacheka."

Akacheka kidogo, na Bi Vichwa akajikuta anacheka naye, kisha akaona haya.

"Orodha haina neno jingine," alisema.

"Orodha aliiandika nani?"

Angeweza kusema kamati. Mkutubi yeyote angesema kamati. "Hapo niliandika mimi," alijibu.

Mdogo wake aliitikia kwa kichwa, kama fundi aliyekwishajua kilichoharibika kabla ya kufungua. "Umekisoma?"

"Nimekisoma."

"Na ukurasa wa arobaini na moja?"

"Huo pia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili."

"Najua. Tulipoanza ulikuwa na kumi na miwili. Nilipoondoka ulikuwa na ishirini na miwili."

Feni ilizunguka na kulalamika.

"Sikuja kukugombeza," mdogo wake akaendelea, sasa kwa upole. "Nimekuja kuomba kazi ifanywe vizuri, basi. Mtu akiniletea friji haigandishi, siandiki kwenye karatasi kwamba friji ina adabu. Naandika kilichoharibika. Huko nje kuna mtoto, au mtu mzima mwenzangu, anakitafuta kitabu kama hiki. Yeye hajui kama kilichompata kinaitwa nidhamu. Au anajua, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa, na ndiyo maana hatatafuta."

"Neno jipya lazima lipite kwenye kamati."

"Basi lipeleke."

Alisimama na kuuweka mfuko begani. Bi Vichwa akamfuata mpaka mlangoni.

"Utakuja nyumbani? Baba amepooza. Hawezi hata…"

"Hawezi kuinua mkono?"

"Wa kulia hawezi."

Mdogo wake aliutazama mkono wake mwenyewe, akaufunga na kuufungua. "Hapana, Dada. Siji."

Tangu siku hiyo Bi Vichwa alianza kuzunguka kwenye rafu. Kanuni ilisema neno jipya haliingii kwenye Orodha mpaka kuwe na vitabu visivyopungua vitatu vinavyolihitaji. Alikipitia kimoja kimoja kila kitabu kilichokuwa chini ya nidhamu, kisha vya malezi, kisha vya ndoa, hata vya mashairi. Katika wiki mbili alipata kumi na kimoja. Kimoja kiliandikwa na daktari wa mifupa. Kingine kilikuwa barua za msichana kwa mama yake mdogo, na karatasi ya tarehe za kuazima iliyobandikwa ndani yake ilikuwa nyeupe kabisa. Kilikaa pale miaka kumi na minne bila mtu mmoja kukichukua.

Kamati ilikutana Jumatano saa nne asubuhi katika ofisi ya Mkurugenzi. Walikuwa wanne: Mkurugenzi mwenyewe, mtaalamu wa lugha kutoka chuoni, mama wa chumba cha watoto, na Bi Vichwa. Mkurugenzi alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu zamani, na kila mwisho wa mwezi alikwenda kumsalimia na mfuko wa machungwa. Alipoliona jina la mwandishi wa kitabu cha kwanza kwenye karatasi, alivua miwani.

"Bi Vichwa, hili umelifikiria vizuri?"

"Nimelifikiria."

"Ukatili," mtaalamu wa lugha alisoma taratibu, kama anayelionja neno. "'Watoto, Ukatili dhidi yao.' Mimi shida yangu ni moja. Kichwa cha mada hakitakiwi kuhukumu. Kinatakiwa kutaja tu. 'Nidhamu' ni neno tulivu."

"Ni tulivu kwa nani?" mama wa chumba cha watoto aliuliza.

"Nidhamu nayo inahukumu," Bi Vichwa alisema. "Inasema kwamba mtoto alikuwa na kosa."

Mkurugenzi akaegemea kiti. "Jamani, tusikuze mambo. Mimi nilichapwa na Mwalimu mwenyewe, viboko sita, kwa kuchelewa. Nikashika adabu. Leo si mimi huyu hapa? Tukianza kuita kila kiboko ukatili, hii faili itajaa. Na kusema kweli, kuna watu wazima walio hai ambao heshima yao…" Hakuimalizia.

"Wewe ulichapwa mbele ya darasa," Bi Vichwa alisema, "madirisha yakiwa wazi."

"Kwa hiyo?"

Alikuwa amekata shauri kwamba hatalisema. Alikuja na orodha ya vitabu kumi na kimoja, kanuni na nambari za kurasa, na alidhani vitatosha. Lakini aliwatazama wale watatu akaona kwamba hawakijui alichokijua yeye, na kwamba hakuna karatasi ambayo ingewaambia.

"Nyumbani kwetu madirisha yalifungwa," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nayafunga. Kisha naongeza sauti ya redio. Kama ilikuwa nidhamu, kwa nini tuliwaficha majirani? Nilifanya hivyo miaka kumi. Na nilipoajiriwa hapa nikaja nikaandika, watoto kupigwa, tazama nidhamu. Herufi zangu ziko pale. Naomba kuzifuta."

Mtaalamu wa lugha aliinamia karatasi zake. Mama wa chumba cha watoto alinyoosha mkono, akamshika Bi Vichwa kiganja, akauacha hapo.

"Mimi nakubali," alisema.

"Na mimi," mtaalamu wa lugha alisema baadaye kidogo. "Neno liko sawa kisarufi."

Mkurugenzi hakutia saini siku hiyo. Aliisaini karatasi Ijumaa, akampa mhudumu ailete. Alasiri hiyo Bi Vichwa alipiga mstari kwenye maneno yake ya zamani, akaandika mapya juu yake, kisha akakaa kwenye kompyuta na kuvihamisha vitabu, kimoja kimoja, cha mdogo wake kikiwa cha mwisho.

Jumapili Bi Vichwa alikuwa sokoni. Aliporudi, jirani alimpokea getini.

"Mkurugenzi wako alikuja kumwona Mwalimu. Wamezungumza weee, mlango umefungwa. Ameondoka chai hajaimaliza hata nusu. Sijui kamwambia nini, maana mzee tangu hapo hasemi."

Mwalimu alikuwa ameketi kitandani, mto mgongoni, mkono mzima umeukamata ule uliopooza.

"Kitabu cha mwanangu kiko kwako?" aliuliza. Siku hizo maneno yake yalitoka yakiburuta, lakini hilo alilitamka vizuri.

"Kiko, Baba."

"Tangu lini?"

"Miezi miwili sasa."

"Mmekiandika nini?"

Bi Vichwa aliweka kikapu chini. Akamwambia lile neno. Mwalimu alilirudia, silabi moja moja, kama alivyokuwa akifanya ubaoni. Upande wa mdomo uliopinda ukamshinda, akalirudia tena.

"Niliwalea peke yangu," alisema.

"Najua, Baba."

"Alikuwa hasikii."

"Alikuwa na miaka sita."

Mzee alimtazama kwa muda mrefu, kama anayemtazama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Kisha akageuzia uso ukutani.

Tangu siku hiyo hakuzungumza naye tena. Uji aliupokea kutoka kwa jirani. Binti yake alipomwosha alifumba macho na kuyakaza. Jioni Bi Vichwa alisoma gazeti kwa sauti, akakosea maneno kwa makusudi, akasubiri kikohozi. Hakikuja. Jirani alijaribu kuwapatanisha kwa mizaha. "Mwalimu, huyu mwanao umempa adhabu ya kusimama kona mpaka lini?" Mzee hakucheka.

Kazini Bi Vichwa alifanya kazi kama kawaida, ila Mzee Gundi aliona kwamba hali chakula cha mchana. Akaanza kumwachia ndizi mezani, juu ya Orodha.

Jumamosi ya wiki ya sita alikuja na *Stoo* nyumbani. Akavuta kigoda karibu na kitanda. "Baba, nakusomea," alisema. "Ukitaka niache, niambie." Akaanza ukurasa wa kwanza.

Alisoma habari za mama yao, mikono iliyonukia sabuni, na mluzi. Mwalimu alikuwa bado ametazama ukuta, lakini pumzi zake zilibadilika. Alisoma jinsi mama alivyougua, na jinsi baba alivyombeba mgongoni kumpeleka hospitali kwa kuwa gari halikuja, na mtoto akawakimbilia nyuma ameshika kiatu kimoja cha mama kilichodondoka. Mdogo wake alikuwa ameliandika hilo pia, wala hakulipunja. Mzee aligeuza kichwa. Jicho moja, lile la upande mzima, lilikuwa linatoka machozi, na hakuyafuta.

Bi Vichwa akafungua ukurasa uliofuata, ambapo mlango wa stoo unatajwa kwa mara ya kwanza. Mwalimu akainua mkono wa kushoto, kiganja wazi, kama alivyokuwa akilinyamazisha darasa.

Akaacha. Alifunga kitabu, akamfunika shuka, akaenda jikoni. Pale jikoni, amesimama mbele ya sufuria tupu, ndipo alipotambua kwamba alikuwa ametii. Alikuwa amekomea pale pale alipokuwa akikomea siku zote.

Mwalimu alifariki siku tisa baadaye, mchana, jirani akiwa anamsimulia habari za mtaani. Kiharusi cha pili.

Bi Vichwa alimpigia simu mdogo wake kutoka barazani, watu wakianza kuingia. Alimwambia. Upande wa pili ukasikika mlango unafungwa.

"Alisema lolote?" mdogo wake aliuliza.

Uongo ulikuwa karibu, umejipanga tayari mdomoni, na ulikuwa uongo mzuri. "Hakusema," alimjibu. "Nilimsomea kitabu chako. Sehemu ya Mama. Alilia. Tulipofika stoo akanizuia."

"Ukaacha."

"Nikaacha."

"Haya."

"Utakuja?"

"Hapana." Kisha akaongeza, "Niliona umebadilisha kichwa. Niliangalia kwenye simu. Ahsante kwa hilo."

"Na mimi?" Bi Vichwa aliuliza. Hakupanga kuuliza, lilimtoka tu.

"Wewe bado, Dada. Nakwambia ukweli ili usije ukasubiri. Naweza nikafika hapo pa kukusamehe, naweza nisifike."

Waombolezaji walijaa hadi barabarani. Walikuja madaktari, madereva, wauza duka, mjumbe mmoja wa baraza la mji, wote waliopita mikononi mwa Mwalimu. Mkurugenzi alizungumza kwa niaba ya wanafunzi, na sauti ilimkatika kwa kweli, kwa kuwa alimpenda. Alilitaja neno nidhamu mara nyingi sana. Bi Vichwa alikuwa amekaa mbele, kichwa kimeinama, na wanawake waliomzunguka walidhani anamlilia baba yake. Walikuwa sahihi. Alimlilia kwa uchungu wote, yule aliyembeba mama mgongoni, aliyemfundisha kusoma akiwa na miaka minne, aliyemwita mama. Lakini alijua kwamba katika umati ule wote hakuna hata mmoja ambaye angeweza kukaa naye chini akamlilia mtu yule yule. Aliyeweza alikuwa mji mwingine, anatengeneza friji.

Ilipita miezi miwili. Siku moja asubuhi simu yake iliita akiwa kazini. Ilikuwa namba ya mdogo wake, na haukuwa wakati wa ile simu yao ya mwaka.

Walisalimiana. Mdogo wake alimuuliza kama anakula, akasema anakula. Akamuuliza kama anakaa peke yake, akasema jirani huja.

"Mlimzika wapi?" mdogo wake aliuliza hatimaye.

"Pembeni ya Mama."

Alisikia pumzi yake kwenye simu, na kwa mbali mashine inanguruma.

"Mama hakuulizwa kama anamtaka hapo," mdogo wake alisema.

"Hakuulizwa," Bi Vichwa alikubali.

"Haya, Dada. Kuna mteja ananisubiri."

Alikata. Bi Vichwa aliendelea kuishika simu mpaka kioo chake kikazima. Mzee Gundi alikuwa amemletea vitabu vya siku ile, kumi na viwili, na alikuwa amesimama hapo anamtazama. Bi Vichwa alifuta macho kwa kiganja, akamwambia aviweke tu hapo mezani, atavianza sasa hivi.